Bisibisi ya skrubu gani? Kuchagua vifaa vya kufungua na kutunza bastola

Skrubu ya upande wa kushoto kwenye mpini wa bastola yangu ina kovu. Ule mfereji wake ambamo bisibisi hukaa umepanuka upande mmoja, na kutoka hapo mchubuko wenye urefu wa punje ya mchele unateremka hadi kwenye chuma cha fremu, yaani mwili wa bastola. Kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu, mezani kwangu hapa Tabora, kwa bisibisi ya seti niliyonunua kwenye duka moja la vifaa: boksi jekundu, vipande arobaini na kitu, kila kimoja kimelazwa kwenye nafasi yake. Nikajiona fundi.

Jioni yake jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini, akapita kunijulia hali. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Nikamwonyesha boksi. Hakuligusa. Aliinamia skrubu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii bisibisi ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Sikuulizi hivyo. Nauliza, bisibisi ya skrubu gani?"

Sikuwa na jibu, na nadhani wengi wanaonunua vifaa vya bastola hawana. Tunauliza seti ipi ni nzuri, ina vipande vingapi, imetoka China au Ujerumani. Mzee alikuwa anauliza jambo jingine kabisa: unataka kufungua nini, mpaka wapi, na chuma cha chombo chako kitagusana na chuma gani?

Niseme mapema kwamba ninaowaandikia ni wamiliki halali. Silaha za raia nchini zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuisafisha bastola yako ni wajibu wako, lakini ufundi wa silaha ni kazi yenye leseni yake. Rafiki akikuletea yake umtengenezee kwa sababu una boksi jekundu, mpe chai umrudishe nayo. Na ile namba iliyochongwa kwenye chuma haipigwi msasa wala tupa, hata kama kutu imeanza kuisogelea.

Kabla ya chombo chochote kuna vidole, na hapa mpangilio una maana kuliko watu wanavyodhani. Magazini, kile kisanduku cha risasi, inatoka kwanza, halafu ndipo unavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma. Ukianza kuvuta slaidi wakati magazini ingali ndani, risasi iliyokuwa chemba, pale inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, inaruka nje, unaiona kwa macho yako, moyo unatulia, na wakati huohuo slaidi ikirudi inasukuma risasi nyingine chemba. Kisha unachomoa magazini. Mkononi umeshika bastola isiyo na magazini, mezani kuna risasi iliyotoka, kila dalili inasema iko tupu, na sivyo. Kwa hiyo toa magazini, vuta slaidi mara kadhaa, ifunge ikiwa wazi, tazama chemba kwenye mwanga, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo upapase. Risasi zote zipelekwe chumba kingine. Mzee anataka mdomo wa mtutu uelekezwe kwenye ndoo iliyojaa mchanga hata baada ya hayo yote, na sijawahi kubishana naye.

Utaratibu huu si wa kutishana. Bastola za Glock, zile za Austria zenye fremu ya plastiki, huwezi kuzifungua bila kwanza kuvuta triga. Ndivyo zilivyoundwa, slaidi haiachii mpaka kifyatulio kivutwe. Watu wamejipiga mguu, au wamempiga aliyekaa chumba cha pili, wakiwa na kitambaa cha kusafishia begani.

Sasa tuje kwenye kufungua. Mkanganyiko mwingi unatokana na kutumia neno moja, "kufungua", kwa kazi tatu zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni kufungua kwa ajili ya kusafisha. Bastola nyingi za kisasa zinaachana vipande vinne au vitano: slaidi, mtutu, springi ya kurudishia pamoja na fito yake, fremu, magazini. Hapa, na hili lilinishangaza, mara nyingi hakihitajiki chombo hata kimoja. Glock inaachia kwa vidole viwili. Makarov, ambayo jeshi la Kisovieti lilianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1950, unavuta kikingio cha triga chini, unakisogeza pembeni kidogo, slaidi inatoka. Tena wabunifu wake walifanya jambo la akili: kifimbo chake cha kusafishia kimetengenezwa kiwe pia bisibisi ya ile skrubu moja ya mpini. Yaani mtu alikaa akafikiri kwamba askari porini hatakuwa na boksi jekundu. CZ 75 ya Chekoslovakia unalinganisha alama mbili nyuma ya slaidi na fremu, kisha unasukuma pini ya kizuizi itoke upande wa pili. Ikikaza, wengi huigonga kwa kitako cha magazini tupu. Muundo wa 1911 wa John Browning, Mmarekani yule ambaye mawazo yake yamo kwenye nusu ya bastola za dunia, baadhi ya aina zake zinahitaji spana ndogo bapa ya kuzungusha pete ya mdomo wa mtutu. Pale mbele pana kifuniko cha springi. Ukikiachia kidole kabla ya wakati kinaruka hadi darini.

Kazi ya pili ni kwenda ndani zaidi: kutoa pini, kutoa ile sindano inayogonga kitako cha risasi, kutoa kidoko kinachovuta ganda. Hii ndiyo inayohitaji panchi (kifimbo cha chuma cha kusukumia pini), nyundo ndogo na kitu cha kuegemezea. Mmiliki wa kawaida, anayepiga risasi chache kwa mwaka, haihitaji mara kwa mara. Mimi nimeifanya mara mbili, zote Mzee akiwa amekaa pembeni.

Ya tatu ni ufundi wenyewe, yaani kubadili au kusawazisha vilengeo, kugusa sehemu za triga, kuunganisha kipande kipya kinachotaka kupunguzwa kwa tupa. Hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Seti nyingi za madukani zinakuuzia ndoto ya kazi ya tatu wakati shida yako ni ya kwanza, na ndiyo maana zina vipande arobaini.

Mtu akitaka kununua leo, anunue hivi vya kusafishia kwanza. Fimbo iwe ya shaba ya njano, au ya chuma iliyovikwa plastiki, na kama inapatikana iwe ya kipande kimoja. Zile za vipande vitatu vya kuunganisha zina viungo, na kiungo kisichokaza vizuri kinakuwa na ukingo unaokwangua ndani ya mtutu kila unapopita. Za alumini ni rahisi kupatikana, ila chuma chake ni laini mno: punje za mchanga zinajizamisha humo, na fimbo inageuka msasa. Tabora kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, vumbi lile jekundu linaingia mpaka kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo fimbo ya aina yoyote ifutwe kila inapotoka.

Fimbo iingie kutokea upande wa chemba kwenda mdomoni. Mdomo wa mtutu ndicho kitu cha mwisho kinachogusa risasi inapoondoka. Ukingo wake ukilika upande mmoja, bastola inaanza kupeleka pembeni na utailaumu mikono yako.

Brashi iwe ya kipenyo cha mtutu wako, 9 mm kwa 9 mm, na nyuzi zake ziwe za shaba. Mantiki ya Mzee ni nyepesi: kitu kinachosugua kiwe kigumu kuliko uchafu na laini kuliko chuma. Waya wa kusugulia sufuria ni mgumu mno. Kwa nje, kwenye pembe za fremu, mswaki wa zamani unatosha kabisa, na fulana ya pamba iliyochoka, ukiikata vipande vya mraba vya sentimita nne hivi, inashinda vitambaa vya dukani. Nikimulika tochi ya simu kwenye karatasi nyeupe niliyoiweka upande wa chemba, nikatazama kutokea mdomoni, mtutu ukiwa umeshatolewa kwenye bastola, naona kila mstari.

Turudi kwenye bisibisi, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Ichukue bisibisi ya kawaida ya kichwa bapa uitazame kwa ubavu. Ncha ni nyembamba, halafu inanenepa kadiri inavyopanda, kama kabari ya kupasulia kuni. Mfereji wa skrubu ya bastola una kuta zilizosimama wima. Ukiichomeka kabari humo, inashika kwenye kingo mbili za juu tu. Chini ni hewa. Unapozungusha, nguvu yote iko kwenye kingo hizo, na kabari inafanya ilichoumbwa kufanya: inapanda. Inatoka kwenye mfereji ikiwa bado na nguvu za mkono wako, inakwangua fremu. Skrubu ya kabati inavumilia kwa sababu mfereji wake ni mpana na hakuna anayejali. Ya bastola haivumilii.

Bisibisi inayofaa kuta zake zinasimama sambamba kwenye ncha. Inajaza mfereji kwa unene na kwa urefu: ikiwa fupi, inashika katikati tu, ikiwa ndefu, pembe zake zinachubua fremu. Ukiichomeka, uiachie mkono, isimame yenyewe bila kuchezacheza. Kuna seti zinazouzwa hasa kwa kazi ya silaha, zina vichwa vingi vya namna hiyo, lakini kwa mtu mwenye bastola moja yenye skrubu mbili zinazofanana, seti nzima ni ya nini? Mzee alinifundisha kutengeneza. Tulichukua bisibisi nzee yenye chuma kizuri, ncha pana kidogo kuliko inavyotakiwa, na jiwe la kunolea lililopakwa oili. Ubavu mmoja mapito kumi, ubavu wa pili kumi, jaribu kwenye skrubu, rudi. Saa moja nzima. Nilipopendekeza tupeleke kwenye mashine ya kunolea kwa mafundi wa vyuma alinitazama kama niliyetaka kuchemsha asali. Mashine inapasha chuma moto. Ukiona ncha imebadilika ikawa bluu, ugumu umeondoka, na bisibisi laini inajikunja ndani ya mfereji.

Panchi nazo zina mtego wake. Pini za bastola ni za aina mbili, na kwa mbali zinafanana. Kuna pini ngumu, kifimbo cha chuma kilichojaa. Kuna pini iliyokunjwa kutokana na bati la springi, ina tundu katikati na mpasuko ubavuni, na inajishikilia kwa kujibana kwenye kuta za tundu. Ya kwanza inatolewa kwa panchi yenye ncha bapa, nyembamba kidogo kuliko pini yenyewe. Ya pili inataka panchi yenye chunusi ndogo katikati ya ncha, ikae kwenye tundu la pini na kusukuma ukingo mzima sawasawa. Ukiigonga hiyo ya pili kwa panchi bapa, ncha inateleza, mdomo wa pini unapondeka na kutanuka, na sasa pini imekuwa pana kuliko tundu linalotakiwa kuipitisha.

Na msumari? Najua utauliza, maana kila mtu ana msumari. Msumari ni chuma laini. Ukiukata ncha na kuupigilia nyuma ya pini iliyokaza, unapinda au kichwa chake kinatanuka, unakwama tunduni, na sasa una pini mbili za kutoa. Afadhali shina la keekee iliyovunjika kuliko msumari, ingawa nalo lina ubaya wake: ni gumu lakini linakatika kama kioo, kwa hiyo vaa miwani. Kwa Glock panchi moja ya milimita 2.4 hivi inafanya karibu kila kitu, na hiyo tu ndiyo ya kununua.

Nyundo iwe ndogo, gramu mia moja na ushee, uso wa shaba au nailoni. Anza na panchi fupi nene kuishtua pini, ikishasogea ndipo uingize ndefu. Panchi ndefu nyembamba ukianza nayo inapinda. Kwa kuegemezea watu hununua kitalu maalumu cha plastiki chenye matundu. Sisi tulikata kipande cha mninga, mti ambao miombo ya huku haijaunyima mkoa, tukatoboa tundu la milimita kumi ili pini ianguke humo. Fremu inalala juu ya mti wala haichubuki.

Springi zinaruka. Mzee anafungulia zile ndogo ndani ya kipande cha chandarua chakavu kinachomfunika mikono kama anayehudumia mtoto. Zamani, anasema, alitumia mfuko wa plastiki, kabla mifuko haijapigwa marufuku Juni 2019. Vipande anavipanga kwenye trei ya mayai kwa jinsi vinavyotoka, tundu la kwanza juu kushoto, na kurudisha ni kuisoma trei kinyumenyume. Mimi nimeongeza picha ya simu kwa kila hatua. Aliguna, lakini siku ya pili aliomba kuziona.

Nije kwenye vimiminika, ambako nimesikia mambo mengi ya ajabu kuliko kwenye vyuma.

Uchafu wa bastola si wa aina moja. Kuna masizi ya baruti, hayo yanatoka kwa dawa za kusafishia bunduki, na hata mafuta ya taa yanayalainisha. Kuna mabaki ya shaba ya risasi ndani ya mtutu, hayo yanataka dawa yenye amonia, ambayo pia inakula brashi yako ya shaba usipoisuuza. Na kuna chumvi. Hii ya tatu ndiyo inayowashangaza watu. Risasi za zamani, hasa za akiba za kijeshi kutoka nchi za Mashariki, kwenye kile kidonge cha kitako kinachowaka kwanza zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikishawaka inaacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya jikoni, na kama chumvi ya jikoni wakati wa masika, inavuta unyevu hewani. Unasafisha kwa oili, mtutu unang'aa, baada ya siku tatu umeota kutu. Oili haiyeyushi chumvi, inaifunika tu. Kinachoiyeyusha ni maji. Kwa risasi za namna hiyo mtutu unaoshwa kwa maji ya moto, unakaushwa kabisa, halafu ndipo oili. Mtu wa Kigoma mwenye nyumba kando ya ziwa hana siku tatu, ana usiku mmoja.

Petroli iache. Mvuke wake unawaka mbali na ulipo, na jikoni kuna jiko. Dawa za kupulizia za kusafishia breki zinakata mafuta vizuri, ila baadhi zinakula plastiki na rangi. Mafuta ya kula hapana, yawe alizeti au mawese: yakikaa hewani yanaganda kuwa utomvu, na bastola yenye utomvu inakwama siku unayoihitaji. Oili ya cherehani ni safi na haiharibu chuma, kasoro yake ni wepesi, inatiririka na kukauka, kwa hiyo inarudiwa mara kwa mara. Oili ya bunduki ikipatikana, chupa moja ndogo inadumu miaka.

Inadumu kwa sababu inayotakiwa ni kidogo. Tone kwenye kila reli ya slaidi, tone kwenye mtutu pale unaposuguana, ueneze kwa kidole mpaka chuma kionekane kimelowa bila kuchuruzika. Ile njia ya sindano inayogonga kitako cha risasi iachwe kavu. Humo oili inakamata vumbi na masizi, inakuwa tope, sindano inachelewa, inagonga kwa unyonge na risasi haiwaki. Na usiihifadhi bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ngozi inashika unyevu na dawa za kulainishia, na kutu inachora umbo la mkoba juu ya chuma.

Kiswahili kilituonya kabla ya wanakemia: risasi ni ile inayotoka mtutuni, na risasi ni ile metali nzito ya kijivu. Masizi unayoyafuta yana risasi hiyo ya pili, inayotoka kwenye kidonge cha kitako na kwenye risasi yenyewe, nayo ni sumu, zaidi kwa watoto. Meza ya kulia chakula isitumike. Usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, vitambaa vilivyotumika vifungwe na kutupwa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujambeba mtoto. Mke wangu aliponikuta na bastola juu ya kitambaa cha meza ya sebuleni hakusema habari za metali. Alisema, "Baba Neema, hapo tunakula." Siku hizi natumia meza ya ubao uani.

Ukishairudisha, ijaribu ikiwa tupu, magazini nje: vuta slaidi, irudi yenyewe kwa nguvu, weka sefti (kile kizuizi cha kufyatua), uone kama inazuia kweli, toa sefti, elekeza kwenye ndoo ya mchanga, vuta triga, usikilize. Kitu kikibaki kwenye trei ya mayai, hakuna kujaribu.

Vifaa vyangu vyote sasa vinakaa kwenye kopo la biskuti: fimbo, brashi mbili, mswaki, vipande vya fulana, chupa ya oili, panchi mbili, nyundo, kile kipande cha mninga, na bisibisi moja. Boksi jekundu limehamia kwa shemeji yangu, fundi redio Isevya, ambaye analisifu sana. Bisibisi niliipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye shingo ili watoto wajue si ya kufungulia vifuniko vya betri vya midoli yao. Wiki iliyopita niliikuta imesimama ndani ya kopo la rangi, imetumika kukorogea. Nimeinoa upya, mapito kumi kila ubavu, na inakaa.